Mjukuu Wangu Njiti na Mafua ya Nyumbani Kwetu

Nimefundisha shule ya msingi sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nistaafu ninaishi hapa Soni, juu kidogo ya njia panda ambapo barabara ya Bumbuli inachepuka kutoka ile ya Mombo kwenda Lushoto. Ninalima mboga, nina miti michache ya peasi na parachichi, na wajukuu wangu wanalala nyumbani kwangu. Ninaandika kwa ajili ya bibi mwenzangu, au mama, au baba, ambaye sasa hivi ana mtoto mchanga nyumbani na anaamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba mafua ya mtoto huletwa na baridi.

Baridi tunayo. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu hushuka milimani, nguo hazikauki, na mafua huwa mengi. Kwa hiyo tangu utotoni niliambiwa, na mimi nikawaambia wanangu: mfunike mtoto, ziba madirisha, washa moto. Darasani niliwafundisha wanafunzi kwamba vijidudu huenezwa na mikono. Niliandika ubaoni, wakanakili, nikasahihisha madaftari. Nyumbani niliendelea na niliyoyapokea kwa mama yangu. Sikuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana, kwa sababu sikuwahi kuyaweka pamoja.

Kwangu mafua hayakuwa ugonjwa. Mwenye malaria alilala, mwenye mafua alikwenda shambani. Mwanangu mmoja alipokohoa muda mrefu akiwa mchanga, nilimpeleka kwa mzee akakatwa kimeo, na alipopona nikamsifu yule mzee. Leo najua kwamba kimeo hakileti kikohozi, na kwamba wapo watoto waliokufa kwa damu na kwa maambukizi baada ya kukatwa. Mwanangu alinusurika, nami nikachukua kunusurika kwake kuwa ushahidi, nikawashauri wanawake wengine wafanye vilevile. Hilo linaniuma kuliko mengine yote nitakayoyasema hapa, kwa sababu sijui walioutii ushauri wangu watoto wao waliishia vipi.

Mwaka 2022, mwezi Juni, binti yangu alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mimba ilikuwa ya wiki 32 hivi. Tulipandisha Lushoto kwa gari la jirani, akajifungua mtoto wa kiume wa kilo moja na nusu. Nilipomwona niliogopa. Katika ujana wangu niliona watoto njiti wakiviringishwa kwenye pamba na kuwekewa chupa za maji ya moto pembeni, na wengi wao tuliwazika.

Huyu hakuviringishwa pamba. Muuguzi alimwambia binti yangu afungue blauzi, akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa kofia na nepi tu, kisha akawafunga wote wawili kwa kanga. Wanaita njia ya kangaruu. Binti yangu alipochoka nilifungua blauzi yangu nikambeba mimi. Nilihisi moyo wake ukigonga haraka kwenye mfupa wa kifua changu. Baadaye nilisoma kwamba njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati madaktari wa huko walipokuwa na watoto wengi njiti na vifaa vichache vya kuwatia joto, na kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, ulionyesha kuwa kuwaweka watoto hawa kifuani mara tu wanapozaliwa, bila kusubiri kwanza wapate nguvu, kulipunguza vifo kwa robo. Utafiti huo ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwanyima kifua watoto wa kundi la pili. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri mtoto akae kifuani kuanzia saa 8 kwa siku, hata saa zote 24. Joto ni sehemu moja tu ya faida. Anayekaa kifuani kwa mama ananyonya zaidi na anashikwa na mikono michache.

Siku tuliporuhusiwa, muuguzi hakuzungumza na binti yangu peke yake. Alinigeukia. "Bibi, wewe ndiye mwenye nyumba. Mtu mwenye mafua asimshike mtoto huyu. Anayemshika anawe kwa sabuni. Asipitishwe mkono kwa mkono. Na moshi usimfikie."

Niliitikia. Sikuwa na nia ya kudharau, lakini moyoni nilijiambia kwamba huyu ni binti mdogo, mimi nimelea.

Mnajua jinsi tunavyompokea mzazi huku kwetu. Watu wanakuja na sukari, sabuni, unga wa uji, mwingine kuku. Wanakaa, wanauliza habari za usiku, kisha mtoto anatolewa, kila mmoja anampakata na kumwombea. Kumnyima mtu mtoto ni kumwambia hatumtaki, au tunamshuku ana jicho. Nami nilifurahi mno kwamba mtoto wa kilo moja na nusu yuko hai, nikataka kila mtu amwone. Wajukuu wangu wawili wanaosoma walirudi shuleni na makamasi, wakatupa mikoba na kukimbilia kumbusu mdogo wao. Mimi mwenyewe nilikuwa na kikohozi. Niliendelea kumbeba kifuani vilevile, nikigeuza uso ninapokohoa, na jioni nikakaa naye karibu na mafiga ili apate joto.

Alianza kwa kupiga chafya. Kisha ananyonya kidogo, anaachia, analala. Nilimgusa, hakuwa na homa, nikasema haumwi. Nilishuka duka la dawa nikanunua amoksilini ya maji. Mama mmoja mzee, rafiki yangu wa siku nyingi, alimtazama kooni akasema ni kimeo na kwamba anamjua mtu. Nilikubali aje asubuhi.

Usiku ule binti yangu aliniamsha. Mtoto alikuwa kifuani kwake na alikuwa ameacha kupumua. Alimsugua nyayo, akashtuka, akavuta pumzi, halafu muda kidogo akaacha tena. Nilisema tumpake mafuta ya moto kifuani na tusubiri kuche. Binti yangu hajawahi kunipinga mbele ya watu wala faraghani. Alisimama, akajifunga kanga, akasema, "Mama, leo sitakusikiliza. Nampeleka hospitali."

Hapo ndipo maisha yangu yalipogeukia, katika kutotiiwa. Mungu alimpa yeye ujasiri ambao malezi yangu hayakumpa. Tulipanda gari lilelile la jirani, ukungu umefunika kona zote, binti yangu akimsugua mtoto nyayo njia nzima. Mimi niliomba. Sikuwa na maneno mengi.

Tulipofika hawakutuuliza kwanza tulifanya nini. Walimwekea mpira wa oksijeni puani na kipimo kidogo kidoleni, kisha daktari akamfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima akitazama saa. Alinionyesha nyama za katikati ya mbavu zikizama kila anapovuta hewa, na tundu za pua zikitanuka. Vyote hivyo vilikuwepo nyumbani, chini ya mablanketi niliyomfunika.

Asubuhi nilimwuliza daktari ni ugonjwa gani. Alisema kwa umri wa mtoto na kwa msimu ule alidhani ni virusi, huenda vile vinavyoitwa RSV. Mtu mzima akivipata anapiga chafya siku chache na kusahau. Kwa mtoto mchanga vinashuka mpaka kwenye vijia vidogo kabisa vya mapafu, vijia vinavimba, vinajaa ute, hewa haipiti. Aliona mimi ni mkulima, akaniuliza: tope la kiganja kimoja likianguka mtoni linafanya nini? Nikasema halifanyi kitu. Na likianguka kwenye mfereji mdogo wa kumwagilia mboga? Nikanyamaza.

Aliniambia pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika uzazi wangu wote. Kinga ambayo mama anampa mtoto kupitia kondo la nyuma hupita kwa wingi katika wiki za mwisho za mimba. Mtoto njiti huzaliwa kabla ya kupokea sehemu kubwa ya urithi huo. Ana mapafu machanga, njia nyembamba, na akiba ndogo ya kujikinga. Ndiyo maana anaweza kuugua vibaya bila hata homa, na dalili ya kwanza ikawa ni kukataa kunyonya au kusahau kupumua. Amoksilini niliyonunua huua bakteria, virusi haiviwezi. Hakuna dawa ya kuviua hivi. Wanachofanya ni kumsaidia mtoto apate hewa na maziwa mpaka mwili wake ushinde. Maziwa ya binti yangu yalikamuliwa yakapitishwa kwenye mrija mwembamba wa puani.

Kwenye kitanda cha pili yake palikuwa na mtoto mwingine, mkubwa kuliko wetu. Mama yake alitoka mbali, na kwa maelezo yake alifanya yote aliyoambiwa. Mtoto yule alikufa. Wetu, ambaye bibi yake alimkoholea na kumweka kwenye moshi na kumwagizia mkata kimeo, alibaki. Nimelitafakari hilo mara nyingi, na sijapata ndani yake sababu yoyote ya kusema tulistahili. Nilimshika yule mama mkono mpaka ndugu zake walipofika. Nilichoweza kufanya kilikuwa hicho.

Mjukuu wangu alipoanza kunyonya mwenyewe tulirudi Soni. Nilimwomba mpwa wangu, ambaye amesomea mambo ya maabara, anieleze zaidi, naye akanisomea yaliyoandikwa kuhusu virusi hivyo. Mawili yalinikaa.

La kwanza lilifanyika Marekani, katika mji wa Rochester, na kuchapishwa mwaka 1981. Watumishi wa hospitali walijitolea kukaa na watoto wenye RSV. Waliompakata mtoto mgonjwa walikuwa 7, wakaambukizwa 5. Wengine 10 hawakumgusa mtoto kabisa. Waliingia yeye akiwa ametolewa, wakagusa kitanda na vitu vyake, kisha wakagusa pua na macho yao wenyewe. Wanne waliambukizwa. Wengine 14 walikaa tu umbali wa kama mita mbili kutoka kwa mtoto, wala hapana aliyeambukizwa. Nilimwomba mpwa wangu arudie. Miaka yote nilihofia upepo wa dirishani, kumbe ulikuwa mkono, kanga, ukingo wa kitanda.

La pili lilitoka jirani kabisa, Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti walifuatilia familia za vijijini katika msimu wa 2009 na 2010, wakichukua vipimo vya pua kwa kila mtu wa nyumbani. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa walipata RSV humohumo nyumbani, na mara nyingi aliyeileta alikuwa kaka au dada mkubwa, hasa anayekwenda shule. Niliposikia hivyo niliwaona wajukuu wangu wawili wakiingia mlangoni na mikoba yao. Hawakuwa na kosa. Hakuna aliyewaambia, na mimi nilikuwa mwalimu.

Kujua kulikuwa rahisi. Kuishi nilichokijua ndiko kulikonitaabisha. Wakati wa korona tulikuwa na ndoo ya koki pale mlangoni, na hofu ilipopita nikaitia maharage. Niliyamwaga, nikaisugua, nikairudisha mlangoni na kipande cha sabuni. Kwa upande wa jikoni watoto walinitengenezea kibuyu chirizi kwa dumu na kamba, unakanyaga mti, maji yanatoka bila kushika kitu. Hao wadogo walielewa upesi kuliko watu wazima. Niliwaeleza sababu yote, pamoja na mfereji na tope. Wakirudi shuleni walivua sare, wakanawa, na mwenye makamasi alimpungia mdogo wake kutoka mlangoni. Mtoto hakupelekwa tena jikoni, na dirisha la chumba chake lilifunguliwa mchana, naye akiwa kifuani kwa mama yake hakusikia baridi.

Wageni ndio walikuwa mtihani. Shangazi wa baba wa mtoto alitoka upande wa Bumbuli na kuku mkononi, amepanda na kushuka gari, na alikuwa na mafua. Nilimkuta mlangoni. Nilimwomba akae barazani, nikampa chai, nikamweleza kwamba hatampakata mtoto siku ile. Aliweka kikombe chini. Akasema nimesoma mpaka nimesahau utu. Aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu tulikutana sokoni akanipita. Kwa mwanamke wa huku kupitwa na mkwe ni adhabu. Usiku huo nililia, na kesho yake nilikuwa tayari kuacha yote. Binti yangu alisema tu, "Mama, unakumbuka kipimo cha kidoleni?" Nikaendelea.

Ubatizo nao tuliuahirisha. Nilimwendea mchungaji nikihofu ataona tumepungukiwa imani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja nyumbani kuomba, na kabla ya kuingia alinawa mikono bila kuambiwa. Jirani yangu Mwislamu, mwanamke ninayemheshimu sana, ndiye aliyenipa njia ya kusema na wengine bila kuwaumiza. Alinikumbusha kwamba wazee wetu walimweka mzazi ndani siku arobaini, na kwamba sisi tulibakiza siku tukaacha utulivu, tukaigeuza arobaini kuwa msafara wa wageni. Tangu hapo nilisema, "Mtoto huyu ni njiti, arobaini yake ni ndefu." Watu waliielewa kauli hiyo. Haikuwa ngeni kwao.

Na mimi niliyewazuia wengine nilipaswa kujizuia mwenyewe. Kila nilipokohoa nililala chumba kingine na kumsikia akilia upande wa pili wa ukuta. Mikono yangu ilizoea kumpokea. Kuirudisha ilikuwa kazi ya kila siku, na zipo siku nilishindwa nikamchukua, kisha nikamrudisha kwa mama yake na kukiri.

Alipofika umri wa kucheza nje alipata mafua, kama watoto wote, naye aliyamudu. Lengo halikuwa asiugue kamwe. Lengo lilikuwa avuke ile miezi ya kwanza ambayo ndiyo inayoua. Wataalamu wanakadiria kuwa mwaka 2019 RSV iliua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano duniani, karibu nusu yao hawajafikisha miezi sita, na takriban wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Msaada mkubwa zaidi umepatikana baada ya yeye kuvuka. Tangu 2023 baadhi ya nchi zimeanza kutumia chanjo ambayo mjamzito anachomwa katika miezi ya mwisho ili kinga ivuke kwa mtoto, na sindano nyingine ya kinga anayopewa mtoto mwenyewe, ambayo kwa njiti ina maana ya pekee, kwa kuwa huyu anaweza kuzaliwa kabla kinga ya mama haijavuka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitumie mojawapo ya njia hizo. Kwenye kadi ya kliniki ya mjukuu wangu kuna BCG, polio, pentavalenti yenye kinga ya kifaduro, chanjo ya nimonia, rota, surua na rubela. Hii ya RSV haimo. Ninawaomba wenye mamlaka ya kuiweka waiweke, na waanze na watoto njiti, na wa milimani wasiwe wa mwisho. Nanyi akina mama, msiache hata moja katika zilizopo, kwani nimonia ya bakteria hupenda kumfuata mtoto ambaye virusi vimemchosha.

Yule shangazi alirudi. Mjukuu wake mwenyewe alizaliwa kabla ya wakati, akatuma mtu aniite. Nilikwenda, nikanawa, nikaketi mlangoni kwake, nikawapokea wageni wake kwa niaba yake ili lawama inikute mimi badala ya mkamwana wake. Nimefanya hivyo katika nyumba kadhaa tangu hapo. Bibi anaweza kusema maneno ambayo mzazi wa jana hawezi kuyasema.

Ndugu yangu, kama nyumbani kwako kuna mtoto mchanga leo, keti wewe mlangoni. Mwenye mafua mpe chai barazani, mshukuru, mwambie arudi akipona. Nawa kabla ya kumshika mtoto, kila mara, hata kama mikono inaonekana safi. Na mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au mbavu zikizama, au akikataa ziwa, au akinyamaza na kuacha kupumua, mweke kifuani umpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kuche, na usimwite mtu wa kimeo.